Kutoka Marikiti hadi sahanini: jinsi ya kupata viini vyenye faida kwenye chakula cha Mombasa

Kila mazungumzo ya vyakula vya kulinda afya yakianza, manjano ndiyo hutajwa kwanza, basi na tuanze nayo. Rangi yake hutokana na kiini kiitwacho kurkumini, ambacho ni asilimia 3 hivi tu ya manjano makavu. Hata hicho kidogo, kikiliwa peke yake, matumbo hukipokea kwa shida na ini hukitoa mbio kabla hakijafanya kazi yoyote. Mwaka 1998 watafiti wa Bangalore, India, waliwapa watu gramu 2 za kurkumini tupu, kisha wakawapa kiasi kilekile pamoja na miligramu 20 za pipirini, kiini kinachoipa pilipili manga ukali wake. Kurkumini iliyoonekana kwenye damu iliongezeka kwa takriban mara 20.

Habari hiyo imezunguka dunia nzima na wauza vidonge wameifanyia biashara nzuri. Lakini ipigie hesabu ya jikoni. Gramu 2 za kurkumini ni sawa na zaidi ya gramu 60 za manjano, yaani vijiko vya chakula vipatavyo saba. Hakuna mchuzi wa namna hiyo. Ninachokishika mimi katika utafiti ule ni mambo mawili: chakula kinachoandamana na kingine hubadilisha kinachoingia mwilini, na kiasi kina uzito kuliko jina la kiini. Kwa hiyo hapa sina poda ya kukuuzia. Karibu kila kitu nitakachotaja kinapatikana kwenye masoko ya Marikiti na Kongowea, au kwa mama mboga wa mtaani kwako. Kitakachobadilika ni mpangilio: ukate lini, uchanganye nini na nini, na chai uinywe saa ngapi.

Wazo la kukipima chakula kwa kazi kinayofanya mwilini, mbali na kushibisha na kujenga, lilipewa jina na kufanyiwa utafiti rasmi Japani katika miaka ya 1980, na mwaka 1991 serikali ya huko ikaweka utaratibu wa kuvipa vyakula kama hivyo kibali na alama. Tangu hapo maneno kama polifenoli na omega-3 yamehama maabara yakaingia kwenye vibandiko vya dukani. Bibi zetu hawakuyajua maneno hayo, na baadhi ya mapishi yao yalikuwa sawasawa kabisa. Mengine hayakuwa, na nitayataja.

Hatua ya 1: Nunua kwa macho, pua na vidole

Viungo vilivyokwisha kusagwa ndivyo rahisi kuchakachuliwa. Huko Bangladesh iligunduliwa kuwa manjano yalikuwa yakipakwa kromati ya risasi, rangi yenye madini ya risasi, ili yang'ae sokoni, na mwaka 2019 watafiti walilihusisha jambo hilo na risasi iliyokuwa kwenye damu ya wajawazito vijijini. Risasi huharibu ubongo wa mtoto. Sisemi kwamba manjano ya Mombasa yana risasi. Nasema ukinunua mzizi ukautwanga mwenyewe kwenye kinu, umepunguza mikono iliyopita katikati. Hata hivyo, huko Bangladesh ni mizizi mikavu yenyewe iliyopakwa, kwa hiyo uepuke mzizi unaong'aa kupita kiasi na unaoacha vumbi jingi la rangi kiganjani. Ukikuta manjano mabichi, yale yenye udongo bado, chukua hayo.

Mdalasini nao uko wa aina mbili. Ule mnene, mgumu, uliojikunja gamba moja, una kumarini nyingi, ambayo ikitumiwa kwa wingi kila siku huweza kudhuru ini. Ule mwembamba unaovunjika kwa vidole, wenye maganda mengi yaliyolaliana, ndio wa Sri Lanka, na kumarini yake ni kidogo sana. Kwa pilau ya Ijumaa, tofauti hiyo haina maana. Kwa mtu anayekoroga kijiko cha mdalasini kwenye uji kila asubuhi kwa sababu ameambiwa unashusha sukari, ina maana kubwa.

Njugu na korosho zina mafuta mazuri, lakini unyevu wa pwani ni rafiki wa ukungu, na ukungu ndio unaoleta aflatoksini. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Kukaanga hakuiondoi. Njugu iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye uchungu, iteme, na usione haya kuirudisha kwa muuzaji. Nunua kidogo kidogo, na nyumbani uzitie kwenye chombo kinachofunga vizuri.

Mboga za majani chagua kwa rangi: kijani kikikolea, viini vya rangi vyenye faida, karotini na lutini, huwa vingi zaidi. Mchicha, majani ya kunde, mtoriro, mnavu, kisamvu, na mchunga kwa wanaoupenda uchungu wake, zote zina faida kuliko kabichi nyeupe iliyokaa juani tangu alfajiri. Kwa joto letu vitamini C ya majani hupungua saa baada ya saa, basi heri fungu dogo la leo kuliko gunia la wiki nzima.

Mabuyu yale mekundu ya kwenye mifuko ni peremende, na watoto wayale kama peremende. Faida iko kwenye unga mweupe unaozunguka kokwa kabla ya kupikwa kwa sukari na rangi: una vitamini C kwa wingi na nyuzinyuzi zinazoyeyuka. Umoja wa Ulaya uliuruhusu kuuzwa huko kama chakula kipya mwaka 2008, na sasa wenzetu wanaulipia bei ya ajabu. Hapa kwetu bado unapatikana. Loweka kokwa kwenye maji ya kunywa, koroga, chuja, na sukari uitie kwa mkono wa bahili.

Hatua ya 2: Osha, kata, kisha subiri

Mpangilio wa hatua hii ndio watu wengi huukosea, ingawa haugharimu hata shilingi.

Kuosha kunatangulia kukata. Ukikata mchicha kisha ukauosha, vitamini zinazoyeyuka majini, hasa C na folati, huondoka na maji ya kuoshea kupitia pale ulipokata.

Kisha thomu. Punje nzima ya kitunguu thomu haina alisini, kile kiini chenye harufu kali ambacho watu wanakitafuta. Ndani ya punje mna vitu viwili vilivyotengwa: alini, na kimeng'enya kiitwacho alinesi. Ukiiponda, kuta baina yao hubomoka, vinakutana, na alisini inaumbika papo hapo. Lakini kimeng'enya hufa kwa moto. Ukiponda na kutupia kwenye mafuta yanayochemka, unaua mfanyakazi kabla hajamaliza kazi. Basi ponda thomu kwanza kabisa, iache juu ya ubao kwa dakika 10, halafu ndio umenye vitunguu maji na kukata tungule, yaani nyanya. Kwa wenye shinikizo la damu, majaribio ya vidonge vya thomu yameonyesha kuwa hulishusha kidogo. Kidogo, si kama dawa.

Kanuni iyo hiyo inafuata kwenye sukuma wiki na kabichi. Mimea ya ukoo huo, pamoja na brokoli, haradali na figili, hubeba viini vya salfa ambavyo havifanyi kazi mpaka jani likatwe na kimeng'enya kingine kiviguse. Mojawapo ya vinavyozaliwa hapo ni salforafani, iliyotambuliwa mwaka 1992 na kundi la Paul Talalay katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walipokuwa wakitafuta vitu vya mimea vinavyoamsha vimeng'enya vya ini vya kusafisha sumu. Brokoli ndiyo yenye sifa kuu, lakini bei yake hapa ni ya watalii. Kata sukuma nyembamba kama ilivyo desturi, iache nusu saa, kisha ipike kwa muda mfupi. Ukisahau kusubiri kuna njia ya mkato: nyunyiza unga kidogo wa mbegu za haradali, zile za kutilia achari, baada ya kuepua. Mbegu hizo zina kimeng'enya chao kizima na kinaendeleza kazi iliyokatizwa na moto.

Kisamvu nacho hukatwa na kungojwa, ila sababu yake ni kinyume. Majani ya muhogo hubeba linamarini, na yanapotwangwa kimeng'enya huivunja ikatoa sayanidi. Tunatwanga makusudi ili sumu itoke, na ndiyo maana kisamvu hutwangwa sana, huachwa kidogo, kisha huchemshwa kwa muda mrefu sufuria ikiwa wazi ili hewa ile iruke. Anayeona uvivu wa kutwanga asile kisamvu. Hili mabibi walilipatia bila ya maabara.

Hatua ya 3: Mafuta yatiwe, lakini yapimwe

Karotini ya mchicha, likopini inayozipa tungule wekundu wake, vitamini E na vitamini K haziyeyuki majini. Zinahitaji mafuta ili zivuke ukuta wa utumbo. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa State, Marekani, walilisha watu saladi yenye karoti, tungule na majani, mara kwa siki isiyo na mafuta, mara kwa yenye mafuta. Bila mafuta, karotini iliyofika kwenye damu ilikuwa karibu na sifuri. Mtu anayejinyima mafuta yote kwa ajili ya afya, akala mchicha uliochemshwa kwa maji na chumvi, anakula kijani na kuacha faida yake.

Kwa hiyo mchicha wa nazi una hoja. Mlo mmoja unahitaji gramu 3 hadi 5 za mafuta tu, nazo zimo ndani ya vijiko viwili vya chakula vya tui zito kwa kila mlaji. Hapo ndipo penye kasoro ya meza zetu. Tui zito la nazi mbili kwenye mboga, jingine kwenye wali, jingine kwenye samaki, halafu mahamri yaliyokaangwa asubuhi yake: hayo si mafuta ya kubebea karotini tena. Sehemu kubwa ya mafuta ya nazi ni yale magumu, na majaribio yakilinganisha na mafuta laini kama ya alizeti, yameonyesha mafuta ya nazi huongeza kolesteroli mbaya. Wanaosema nazi ni dawa ya moyo kwa kuwa ina asidi ya lauriki wanaruka hatua nyingi. Shirika la Afya Duniani linataka mafuta magumu yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku.

Ninavyoshauri: chagua sahani moja ya kutia tui zito kwa siku. Ikiwa ni samaki wa kupaka, basi wali uwe mweupe na mboga itiwe kijiko cha mafuta ya alizeti au simsim. Ikiwa ni wali wa nazi, tumia tui jepesi, lile la kukamua mara ya pili, na bado utanukia.

Tungule nazo zinapenda moto. Watafiti wa Ujerumani walionyesha mwaka 1997 kwamba likopini ya tungule zilizopikwa na kusagwa hupokewa vizuri kuliko ya tungule mbichi, kwa sababu moto huvunja seli na kuiachilia. Rojo la tungule lililokaangwa mpaka mafuta yakajitenga juu, kama linavyotakiwa kwenye mchuzi wowote wa heshima, limefanya kazi hiyo tayari. Kachumbari tunaihitaji kwa sababu nyingine, vitamini C, ambayo moto huimaliza. Mlo wenye vyote viwili hauna cha kuchagua.

Hatua ya 4: Mbaazi, mahamri na ile chai

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo staftahi tuipendayo inapojihujumu.

Mbaazi kavu zina miligramu 5 hivi za madini ya chuma kwa kila gramu 100, na kwa mwanamke anayepata hedhi au mjamzito si kitu cha kudharau. Shida ni kwamba chuma cha mimea hakifanani na cha nyama na samaki. Huingia mwilini kwa kubembelezwa. Vitu viwili hukizuia mlangoni: fitati iliyomo ndani ya mbaazi zenyewe, na tanini ya majani ya chai. Kimoja hukikaribisha, vitamini C.

Jaribio moja la mwaka 1983 lilipima chuma kilichopokewa kutoka kwenye mlo wa mkate na nyama. Kikombe cha kahawa kilipunguza upokeaji kwa asilimia 39, na kikombe cha chai kwa asilimia 64. Wakati nao ulijitokeza: kahawa iliyonywewa saa moja kabla ya mlo haikudhuru, ilhali iliyonywewa saa moja baada yake ilizuia sawa na iliyonywewa pamoja na chakula. Sasa itazame sinia ya asubuhi: mbaazi za nazi, mahamri, na birika la chai ya maziwa au ya mkandaa. Tumekusanya chuma na mlinzi wake mkali mezani pamoja, kisha binti akizimia paredi shuleni tunasema ni jicho la watu.

Fanya hivi.

Usiku loweka mbaazi, na asubuhi mwaga maji hayo, upike kwa mapya. Sehemu ya fitati huondoka, pamoja na zile sukari zinazojaza gesi tumboni. Pojo unaweza kuzisogeza mbele zaidi: ziloweke usiku, zichuje, zifunike kwa kitambaa chenye unyevu, na kwa joto la Mombasa zitachipua upesi kuliko vitabu vinavyosema. Kuchipua huamsha kimeng'enya kinachoivunja fitati na huzalisha vitamini C kidogo. Zipike kabla ya kula, maana joto linalochipusha pojo huchipusha bakteria pia.

Mbaazi zikiwa mezani, weka tunda karibu. Ndimu iliyokamuliwa juu ni desturi nzuri, lakini maji ya ndimu moja yana miligramu 13 hivi tu za vitamini C. Pera moja dogo lina zaidi ya 120. Chungwa lina 70 hivi, na papai halikai nyuma. Mabibo, msimu wa korosho unapofika Kwale na Kilifi, yana vitamini C nyingi kuliko chungwa, na mengi huozea chini ya miti. Ukwaju ni mkali kwa asidi nyingine, na vitamini C yake ni ndogo, usiuhesabie. Kijiko cha dagaa wakavu waliopondwa ndani ya mbaazi pia husaidia, kwa kuwa nyama ya samaki huvuta chuma cha mimea kiingie pamoja na chake.

Na chai? Inywe ukiamka, kabla ya kuvaa, kabla hata mbaazi hazijapashwa moto. Au ingoje mpaka saa mbili baada ya kula. Najua nimegusa pabaya: mahamri bila ya chai ni kama harusi bila ya ngoma. Mzee aliyemaliza kuzaa na kulea, mwenye damu ya kutosha, anywe apendavyo. Yeye hana dharura ya chuma, na polifenoli za chai zina faida zake kwa mishipa. Anayenihangaisha mimi ni mama mjamzito, msichana aliyevunja ungo, na mtoto mdogo anayechovywa hamri kwenye chai kila siku. Kwa hao watatu, ibadilisheni saa ya chai.

Hatua ya 5: Samaki mdogo, moto mdogo

Mwaka 1970 madaktari wawili wa Denmark, Hans Olaf Bang na Jørn Dyerberg, walikwenda Greenland kupima damu ya wenyeji waliokula samaki na wanyama wa bahari kwa wingi, na kutoka hapo sifa ya omega-3 ikaanza kuvuma. Baadhi ya hitimisho la wakati ule limepingwa baadaye. Vidonge vya mafuta ya samaki navyo havijatimiza ahadi yote: jaribio kubwa la Marekani lililotolewa mwaka 2018, lenye watu zaidi ya 25,000, halikuona gramu 1 kwa siku ikipunguza kwa jumla matukio makubwa ya moyo na mishipa. Samaki mwenyewe, akiliwa mara mbili kwa wiki, bado anapendekezwa. Pamoja na mafuta yake huja protini, iodini, vitamini D na seleniamu, na huchukua nafasi ya kitu kibaya zaidi sahanini.

Kwa omega-3, samaki wa mafuta hushinda samaki weupe. Dagaa, simu na jodari wana zaidi kuliko changu, hata kama changu ndiye mtamu. Dagaa na simu wana faida nyingine: huliwa na mifupa yao, na mifupa ni kalsiamu. Wakati wa kusi, bahari ikichafuka na samaki kuadimika, dagaa wakavu hubaki kwa bei ya kuvumilika.

Kaanga kwenye mafuta mengi na omega-3 itapungua, huku mafuta ya kikaangio yakiingia badala yake. Mchuzi, kuchemsha, au kupaka ni bora. Ukimchoma, mpake ndimu, thomu na viungo kabla, kwani hupunguza baadhi ya kemikali mbaya zinazoumbika nyama inapoungua, na ngozi iliyogeuka makaa iondoe.

Jodari na jamaa zake wana hatari ya pekee. Wakikaa kwenye joto, bakteria hugeuza kiini cha nyama yao kuwa histamini, na histamini haifi kwa kupikwa. Uso huwaka, kichwa huuma, moyo hupiga mbio, na mtu hudhani ana mzio wa samaki. Nunua aliyelala kwenye barafu, na usimbebe kwenye matatu akipigwa na jua hadi jioni. Wajawazito na watoto wadogo waache papa na sulisuli, hata papa mkavu, kwa kuwa samaki wakubwa wanaokula wenzao hukusanya zebaki mwilini.

Hatua ya 6: Walishe wanaokaa utumbo mpana

Denis Burkitt, daktari mpasuaji mzaliwa wa Ireland aliyefanya kazi miaka mingi Uganda, aliona kuwa magonjwa aliyoyajua Ulaya, kama saratani ya utumbo mpana na kidole tumbo, yalikuwa nadra kwa wagonjwa wake wa vijijini. Yeye na Hugh Trowell, aliyetumika Kenya kisha Uganda, walitangaza katika miaka ya 1970 kwamba nyuzinyuzi za chakula zina mkono katika hilo. Sayansi ya baadaye ilieleza njia: nyuzinyuzi ambazo sisi hatuwezi kuzisaga, bakteria wa utumbo mpana huzichachusha na kutoa asidi kama butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo huo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza gramu 25 kwa siku kwa mtu mzima, pamoja na gramu 400 za mboga na matunda. Utafiti wa kuwasifia Waafrika wa Mashariki ulifanywa kwetu; sisi tukahamia mkate mweupe.

Mbaazi, kunde, pojo, mtama, wimbi, mkate wa mofa, mapera na mbegu zake: hapo gramu 25 zinatimia bila ya kununua chochote cha mkebe. Ongeza taratibu na unywe maji, la sivyo tumbo litakulaumu.

Kuna wanga mwingine unaofanya kazi kama nyuzinyuzi, ule unaoganda baada ya kupoa. Wali, viazi na muhogo vikipikwa, vikapozwa, sehemu ya wanga wake hujipanga upya na kukataa kusagwa, na ukipasha moto tena sehemu kubwa hubaki hivyo. Kiporo basi kina lake la kheri, kwa sharti moja: kiingie kwenye friji mapema, kabla ya saa mbili kupita tangu kiepuliwe. Wali uliolala mezani usiku kucha kwa joto la Mombasa huzaa bakteria wenye sumu isiyoondoka kwa kupashwa moto. Asiye na friji apike wa kutosha na aumalize.

Maziwa lala ni mazuri, mradi hayakutiwa sukari na rangi. Hilo sina la kuongeza.

Hatua ya 7: Kabla ya poda na mafuta ya chupa, tazama dawa unazomeza

Habasoda imetajwa katika hadithi za Mtume na wengi wetu tunayo nyumbani. Ina kiini kiitwacho thaimokwinoni, na majaribio madogo kwa watu yameonyesha kushusha sukari na mafuta ya damu kwa kiasi. Nyunyiza kwenye mkate, tia kwenye asali, hakuna ubaya. Ubaya huja mtu anapoacha dawa ya kisukari kwa sababu muuzaji amemwambia chupa yatosha. Mzunze nao una majani mazuri sana yakipikwa kama mboga. Ule wa unga, kijiko kimoja kwa siku, ni kidogo kuliko sifa zake, na vitamini C nyingi hupotea majani yanapokaushwa.

Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asikimbie mboga za kijani, ila ale kiasi kinachofanana kila wiki. Vitamini K ya majani hupingana na dawa hiyo, na kinachovuruga kipimo ni kula mlima leo na kuacha kesho.

Balungi huzuia kimeng'enya cha utumbo kinachovunja dawa nyingi, hivyo dawa huingia nyingi kuliko daktari alivyokusudia. David Bailey wa Kanada aliligundua hilo kwa bahati, na taarifa ikatoka mwaka 1991 kuhusu dawa ya shinikizo iitwayo felodipini. Nifedipini na baadhi ya dawa za kolesteroli, kama simvastatini, zimo kwenye orodha hiyo. Kuachanisha saa hakusaidii, kwa kuwa athari ya glasi moja hudumu hata siku nzima.

Mwenye mawe ya figo ya oksaleti achemshe mchicha, amwage maji yake, ndipo aupike kwa viungo, na maziwa kidogo katika mlo huohuo husaidia kuishika oksaleti tumboni kabla haijafika kwenye figo.

Kisha madafu. Kikombe kimoja kina miligramu 600 hivi za potasiamu, na kwa mtu mzima mwenye figo nzima hiyo ni neema inayosaidia shinikizo la damu. Kwa aliyeambiwa figo zake zimechoka, au anayetumia dawa za shinikizo au moyo kama enalaprili, losartani au spironolaktoni, potasiamu huweza kupanda damuni mpaka mapigo ya moyo yavurugike, na madafu mawili ya ufukweni mchana wa jua si kinywaji cha kumpa mgeni wa namna hiyo bila ya kuuliza. Andika kwenye karatasi majina ya dawa zako zote, pamoja na habasoda, thomu ya vidonge na kila poda, uipeleke kwa mfamasia siku unapokwenda kuchukua dawa za mwezi, na umuulize kuhusu balungi na madafu kwa majina.